Siku Wanyoaji Walipopiga Kura

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kondoo. Ukitaka kumjua, ungemtazama anavyotazama mbingu. Wengine wakiinua macho huona mawingu. Yeye aliona sufu ikilowa. Shamba letu la Wirrabilla lilikuwa na kondoo elfu tisa na watu wanne: baba, mama, mimi Nola na mdogo wangu Coral. Mbwa walikuwa watano, na nina hakika baba aliwahesabu wao kabla yetu.

Jirani wa karibu alikaa umbali wa maili kumi na nane. Shule tuliisomea jikoni, kwa redio, mwalimu akiwa mji mwingine kabisa, na akituchosha nilizungusha kitufe cha redio kidogo tu, sauti yake ikaanza kukwaruza, nikamwambia kwa huzuni, "Mwalimu, hatukusikii tena." Siku za Jumamosi tulioga sote kwa maji ya beseni moja, baba akiwa wa mwisho, maana angetangulia yeye wengine tungetoka tukiwa wachafu kuliko tulivyoingia. Watu wa mjini hunionea huruma nikiwasimulia. Wanasema tulikuwa wapweke. Atakuwaje mpweke mtoto mwenye wanakondoo saba yatima jikoni, wanaogombea chupa moja ya maziwa na kumnyea mama yake viatuni?

Sikukuu yetu kubwa haikuwa Krismasi, ilikuwa wiki tatu za kunyoa kondoo. Wanyoaji wanane walikuja na lori bovu, mpishi wao akiwa amekalia gunia la viazi, na kuanzia siku hiyo shamba zima lilikuwa kelele: injini, mbwa, kondoo na matusi. Wasichana hatukuruhusiwa kukanyaga ndani ya banda la kunyolea. Mwanamke bandani ni mkosi, walisema. Ukweli ni kwamba mwanamke akiingia inabidi watu waache kutukana, na kondoo hanyoleki bila matusi. Kwa hiyo wa kwanza kumwona mwanamke akija hupiga ukelele, "Bata bwawani!" na wote hunyamaza, wakawa na adabu kama wako kanisani.

Sisi tulijua njia nyingine. Banda lilisimama juu ya nguzo, na pale kondoo walipongojea zamu yao, sakafu yake ilikuwa ya fito zilizoachiwa nafasi ili kinyesi kidondoke. Mimi na Coral tulitambaa chini ya sakafu hiyo, tukalala kwenye kinyesi kikavu laini, tukasikiliza. Matusi yote ninayoyajua niliyapata hapo, nami nayajua mengi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na Coral saba. Ilipobaki wiki moja kazi iishe, mpishi wa wanyoaji, ambaye cheo hicho alijipa mwenyewe, alikwenda mjini siku ya Ijumaa kununua hamira. Njiani akaiona baa. Mpaka leo hamira haijafika.

Sheria ya wanyoaji haina huruma: bila mpishi hakuna kazi, na mpishi ni juu ya mwenye shamba. Mtu anayeinama tangu saa moja u nusu asubuhi mpaka jioni, akikumbatia kondoo themanini mmoja baada ya mwingine, hana muda wa kumenya viazi. Basi mama akafunga aproni. Kifungua kinywa, chai ya asubuhi na keki, chakula cha mchana, chai ya alasiri na keki nyingine, chakula cha jioni. Watu wanane wanaokula kama kumi na sita.

Siku ya kwanza wali wake wa maziwa uliungua. Mnyoaji kijana aliyeitwa Snow, mwenye nywele nyeupe kama unga, aliuonja, akasema, "Mama, huu wali umetushinda. Tukiuweka kwenye paa bovu, litaacha kuvuja?"

"Uweke kwanza mdomoni," mama akamjibu, "labda utaziba huko kunakovuja."

Wenzake walicheka mpaka wakapiga meza. Tangu siku hiyo walimpenda mama, na wali ulipoungua tena hakuna aliyesema kitu.

Lakini mama alikuwa na lake moyoni. Jumamosi ya wiki ile ya mwisho ya kunyoa, huko Bathurst, mdogo wake Dulcie alikuwa anaolewa. Nasema mdogo wake, lakini alikuwa mtoto wake hasa. Mama yao alikufa Dulcie akiwa na miaka minne, baba yao akafuata, na mama yangu, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyemlisha, akamsuka, akampeleka shule. Alipoolewa na baba akaja naye Wirrabilla, na Dulcie aliishi nasi mpaka alipokwenda mjini kusomea uuguzi. Hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu. Barua ya Dulcie ilikuwa fupi: hana baba, hataki mjomba, anataka kuingia kanisani akiwa ameshikwa mkono na dada yake, hata mchungaji akinuna.

Jumapili usiku, mama akikanda mkate, tuliwasikia wakizungumza.

"Angus, harusi ni Jumamosi."

"Najua."

"Treni ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nikiikosa hiyo hakuna nyingine mpaka Jumapili."

"Najua, Thel. Tukimaliza kunyoa Jumatano, Alhamisi nakupeleka stesheni mwenyewe."

"Na msipomaliza?"

Baba alitazama dari kana kwamba ni mbingu. "Mvua isiponyesha tutamaliza."

"Siwezi kumwacha asimame peke yake pale mlangoni."

"Nimesema tutamaliza."

Usiku huo mimi na Coral tulipiga magoti tukaomba mvua isinyeshe. Mtu wa Wirrabilla kuomba mvua isinyeshe ni kama samaki kuomba bwawa likauke, na Coral aliona aibu, akaongeza, "Ila nyunyiza kidogo tu kwenye kabichi za mama." Mpaka leo namlaumu.

Jumanne alasiri wingu lilipanda upande wa magharibi, jeusi, limebeba kila kitu tulichokuwa tukikililia miaka miwili. Baba alikuja mbio. "Nola! Coral! Leteni mbwa! Ingizeni kondoo chini ya banda!" Chini ya banda ni pakavu, na kondoo aliyelala hapo usiku wa mvua hunyolewa asubuhi kama kawaida. Shida ni kumweleza kondoo. Mbele palikuwa na giza, na kondoo haingii gizani mpaka aone mwenzake ameingia, na mwenzake naye anamngoja yeye. Tulisukuma, tulibweka pamoja na mbwa, tuliwavuta kwa masikio. Mwishowe Coral alitambaa ndani kwa magoti akilia "Mee! Mee!" kwa sauti ya huzuni kiasi kwamba jike mmoja mzee alimwonea huruma akamfuata, na wote wakamfuata jike. Coral alitokea upande wa pili amepakwa mavi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Nasi tulicheka, hata mama aliyekuwa mlangoni. Lakini pale chini waliingia mia na hamsini tu. Wengine mia tano walibaki nje, na mvua ilipoanza kupiga bati la nyumba, hakuna aliyecheka tena.

Jumatano wanyoaji waliwamaliza wale mia na hamsini kabla ya chai ya asubuhi. Kisha wakaletewa walionyeshewa, na hapo ikaja kura.

Kura hiyo ni desturi ya mabanda yote ya kwetu. Mnyoaji anaamini kwamba sufu yenye maji humtia majipu na homa ya viungo, na bosi anaamini kwamba mnyoaji ni mvivu. Ili watu wasipigane, kila mnyoaji hunyoa kondoo wawili, kisha anaandika kwa siri kwenye kikaratasi: wamelowa, au wakavu. Vikaratasi vinaingia kofiani, na mwakilishi wao anavihesabu. Wakishinda wa kulowa, mashine zinazimwa. Hakuna wa kubishana na kura. Mwenye kondoo atasimama pale na kofia yake mkononi, basi.

Mwakilishi alikuwa Gilroy, mzee mrefu mkavu, mgongo umepinda kwa miaka thelathini ya kuinama. Alihesabu vikaratasi vinane. Wamelowa wote. Wala si uongo, ungemkamua kondoo ukajaza ndoo.

Walibaki kondoo wa karibu siku nzima, na siku hiyo hatukuwa nayo. Mchana mama alifungua sanduku lake dogo, akatoa gauni la bluu, akalitundika tena kabatini. Kisha akakaa kwenye redio akatuma simu ya maandishi kwa Dulcie: nisamehe, mwombe mjomba. Alirudi jikoni akamenya viazi, akivimenya vibaya, ganda nene, nusu ya kiazi inakwenda kwa kuku.

Nilimfuata baba zizini. Nilikuwa nimechemka. "Kwa nini usiwaombe wanyoaji wajipikie siku tatu tu?"

"Nola, bosi hamwombi mnyoaji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukimwomba leo, kesho atakuomba yeye, na keshokutwa hujui nani mwenye shamba. Mimi nawapa haki yao, wao wananipa kazi yangu. Haombi mtu hapa."

"Basi mama akose harusi kwa ajili ya haki yao!"

Baba aliokota msumari chini akautia mfukoni. Nilimchukia siku ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu niliona macho yake yamekuwa mekundu.

Saa tisa nilipeleka birika la chai kwenye kibanda walichokuwa wamepumzika wanyoaji. Snow akaniuliza, "Vipi leo mama hajatutukana? Keki ni nzuri, mpaka naogopa."

Nilikuwa nimekatazwa kusema mambo ya nyumbani, lakini nilikuwa na miaka kumi na moyo umejaa, nikamwaga yote: Dulcie, mjomba, treni, gauni, baba na haki zake. Nikamaliza kwa kusema kwamba mvua ni ya Coral. Snow alijitia kutafuta sukari. Gilroy alikuwa anafunga tumbaku yake polepole.

"Treni saa ngapi?" akauliza.

"Kesho saa kumi na mbili jioni."

"Mbali, stesheni," akasema, akalamba karatasi ya sigara, na mazungumzo yakahamia kwenye farasi wa mashindano. Nikachukua birika nikaondoka, nikajiona mjinga.

Alhamisi kulikucha jua kali na upepo mkavu wa magharibi, ule unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Nilikwenda zizini kabla ya wote, nikatia vidole kwenye sufu ya kondoo mmoja, wa pili, wa tano. Wakavu. Nikafanya hesabu ya kitoto: wakinyoa upesi sana, wasile, wasinywe chai, labda wangemaliza ifikapo saa nane. Mama angewahi. Nikamchukua Coral tukatambaa chini ya sakafu, ili tuwahimize kimoyomoyo.

Saa moja u nusu injini iliwaka. Kila mnyoaji alinyoa kondoo mmoja, wa pili. Mara injini ikazimwa.

"Kuna nini?" Sauti ya baba.

"Tunaomba kura, bosi," Gilroy akasema.

"Kura ya nini?"

"Ya kulowa."

"Gilroy, hawa kondoo ni wakavu kama biskuti! Kuna vumbi humu ndani, huoni?"

"Naona bosi. Lakini vijana wana wasiwasi na majipu."

Tulisikia kalamu moja ikipita mkono hadi mkono, kisha vikaratasi vikianguka kofiani. Kisha Gilroy akaanza kusoma, taratibu, kama anasoma majina ya waliofaulu mtihani. "Wamelowa. Wamelowa. Wamelowa." Coral alinishika mkono. "Wamelowa. Hili neno limeandikwa vibaya, la Snow hili. Wamelowa." Nane kwa nane.

Sikumbuki nilivyotoka chini. Nakumbuka nimesimama katikati ya banda, penye sakafu nyeusi inayong'aa kwa mafuta ya sufu, mahali ambapo hakuna mwanamke wa Wirrabilla aliyewahi kusimama wakati wa kazi, nina kinyesi nywele nzima. Mtu mmoja, kwa mazoea tu, akaita kwa sauti dhaifu, "Bata bwawani…"

"Waongo!" nikapiga kelele. "Waongo nyote! Nimewashika kwa mikono yangu, wakavu! Mama anawapikia keki mara mbili kwa siku, mnaoga kwa maji yetu, halafu mnashindwa kunyoa upesi siku moja tu! Wavivu wakubwa nyie!" Na nikaongeza maneno matatu niliyoyapata pale pale chini ya sakafu yao, ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Snow aliinama, mabega yanatikisika. Nilidhani ana haya. Alikuwa anacheka.

"Binti," Gilroy akasema, "hayo ya mwisho umeyajulia wapi?"

"Kwako!"

"Haya, sawa." Akavua kofia, akamwaga vikaratasi mfukoni. "Sasa nisikilize. Kura haibishaniwi. Kondoo wamelowa, na kulowa huku nakujua mimi, hakukauki mpaka Jumatatu ijayo, labda Jumanne asubuhi. Asiyenyoa halipwi, hilo letu, halikuhusu. Lakini mtu asiye na kazi hakosi muda wa kumenya viazi. Hatuhitaji mpishi mpaka Jumanne. Umenielewa au nikuandikie?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa polepole, kuanzia miguuni. Wanaume wanane walikuwa wamejinyima siku zao za kazi, na walikuwa wamefanya hivyo kwa njia ambayo bosi hakuomba na wao hawakutoa.

Wote wakamgeukia baba. Ilikuwa haki yake kulalamika. Angeweza kumwandikia mkuu wa chama chao cha wanyoaji, na walijua. Baba yangu sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata kwa mkaguzi wa kodi. Alimwendea kondoo wa karibu, akazamisha mkono wake kwenye sufu mpaka kwenye kifundo, akauacha humo muda mrefu. Vumbi likaruka. Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali kana kwamba unadondosha maji.

"Wamelowa," akasema. "Chepechepe."

Hakusema asante. Gilroy naye hakuingoja. Baba alitembea mpaka mlangoni kama kawaida yake, lakini aliposhuka ngazi ya mwisho alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbilia kitu kisichokuwa na manyoya.

Mama alikuwa anatoa mikate jikoni. "Kura imesemaje?" akauliza bila kugeuka.

"Wamelowa. Wote wanane."

Mama alitazama dirishani. Nje mbwa walikuwa wanawarudisha kondoo malishoni, vumbi limepanda mpaka juu ya paa la banda.

"Angus," akasema, "wanatimua vumbi."

"Wamelowa, Thel. Nimewashika mwenyewe. Hakuna kazi mpaka Jumanne, watu wanajipikia." Akachukua ufunguo wa gari. "Ukichukua sanduku sasa, tunawahi na muda wa kunywa chai stesheni."

Mama alisimama na mkate mkononi. Kisha akakaa chini, pale pale sakafuni kati ya wanakondoo, akalia na kucheka kwa pamoja, na mwanakondoo mmoja akaanza kumnyonya kidole. Sijui kama nimewahi kumwona mtu mwenye furaha kuliko yule, na mimi ni mtu mzima sasa, nimeona harusi nyingi.

Nusu saa baadaye, mama akiisha kumtumia Dulcie simu nyingine kwamba anakuja, tulikuwa garini wote wanne, Coral ameogeshwa nusu. Tulipopita kwenye banda, wanyoaji wote wanane walikuwa wamekaa kwenye ngazi na visu na ndoo za viazi, wakivimenya vibaya kuliko mama alivyovimenya jana yake. Mama alimwambia baba asimamishe gari, akatoa kichwa dirishani.

"Gilroy! Ile nyama inataka saa tatu, usiiharakishe! Na hao watoto wa kondoo, chupa zao mara nne kwa siku! Na mimi… mimi sijui niwaambie…"

Mzee Gilroy alisimama, kiazi mkononi, akavua kofia. "Mama, wacha maneno," akasema. "Nenda kaoze mtoto wako."

Mama akarudisha kichwa ndani. Baba akaondoa gari taratibu, mkono wake wa kushoto umeshika wa mama, akiendesha kwa mmoja. Kutoka nyumbani mpaka barabara kuu kulikuwa na mageti kumi na moja, na kwa desturi yetu mtoto mkubwa ndiye anayeshuka kuyafungua na kuyafunga. Siku nyingine zote nilinung'unika kuanzia geti la kwanza. Siku ile niliruka kabla gari halijasimama, yote kumi na moja, mbio.